Lahani Isiyo na Maneno na Swali la Mwenyewe: Historia ya Santuri ya "Telstar" (1962) na Funzo Lake kwa Muziki wa Karagwe na Kyerwa

Utangulizi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kama ilivyo kwa majirani zao Wahaya, mpigaji wa nanga hutambulika kwa mambo mawili: maneno anayoyatamba na namna anavyozigusa nyuzi. Maneno yana mashahidi wengi. Msikilizaji aliyehudhuria utambaji anaweza kusimulia kisa kilivyokwenda, akataja majina ya mashujaa, na mtafiti anaweza kuyaandika yote hayo kwenye daftari. Lahani, yaani mfuatano wa sauti unaoutambulisha wimbo, haina mashahidi wa aina hiyo. Ikichukuliwa na mtu mwingine, ikapigwa kwa ala nyingine na kupewa jina jipya, mwenyewe hubaki akisema "ile ni yangu" bila kuwa na neno hata moja la kuonyesha.

Tatizo hili si la Kagera peke yake. Katika karne ya 20, teknolojia ya kurekodi iliufanya muziki usio na maneno kuwa bidhaa inayovuka mipaka ya lugha kwa wepesi kuliko wimbo wowote ulioimbwa. Muziki wa roki wa ala tupu ulikuwa mfano ulio wazi. Makala haya yanachunguza santuri moja ya aina hiyo, "Telstar" ya kundi la Uingereza la The Tornados, iliyotoka mwaka 1962. Santuri hiyo imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, haina maneno. Pili, ilitengenezwa na mikono ya watu wengi ambao sheria haikuwatazama kwa jicho moja. Tatu, umiliki wake ulifikishwa mahakamani, na shauri likachukua muda mrefu kuliko maisha ya mtunzi wake. Hoja ya makala ni kwamba, pale maneno yasipokuwapo, sheria huitafuta haki ya mtunzi katika noti peke yake, ilhali kilichoifanya santuri ipendwe kilikuwa pia katika sauti na katika mikono ya wapigaji. Pengo hilo lina maana kubwa kwa wanaokusanya muziki wa Karagwe na Kyerwa leo.

Usuli wa kihistoria

Mwishoni mwa miaka ya 1950 gita la umeme lilianza kushika nafasi ya mwimbaji katika muziki wa vijana. Nchini Marekani, Duane Eddy alitamba na "Rebel Rouser" mwaka 1958, na The Ventures wakafuata na "Walk, Don't Run" mwaka 1960. Nchini Uingereza, mwaka huohuo wa 1960, The Shadows walifika kileleni mwa chati kwa "Apache", lahani iliyotungwa na Jerry Lordan. Hadi kufikia mwaka 1962 wasikilizaji walikuwa wamekwisha kuzoea kununua santuri ambayo hakuna anayeimba ndani yake. Jina la santuri ndilo lililowaambia wafikirie nini.

Jina la "Telstar" lilitoka angani. Tarehe 10 Julai 1962 setilaiti ya mawasiliano iitwayo Telstar 1 ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 77 hivi na kipenyo kisichofika mita moja, lakini iliwezesha kwa mara ya kwanza picha za televisheni kuvuka Bahari ya Atlantiki moja kwa moja kupitia angani. Vituo vya kupokea mawimbi yake vilikuwa Andover nchini Marekani, Goonhilly nchini Uingereza na Pleumeur-Bodou nchini Ufaransa. Afrika Mashariki haikuwamo katika mtandao huo. Kituo cha ardhini cha setilaiti cha Longonot, nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970.

Utengenezaji wa santuri

Mtunzi wa lahani hiyo, Joe Meek, hakuwa mwanamuziki kwa maana ya kawaida. Alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa Newent, Uingereza, na alijifunza ufundi wa umeme, ukiwamo ufundi wa rada alipokuwa katika jeshi la anga. Hakujua kusoma noti wala kupiga ala kwa ustadi. Alichokijua ni sauti: namna ya kuikaribisha, kuibana, kuirefusha na kuipa mwangwi. Baada ya kufanya kazi katika studio za watu wengine, alijenga studio yake ndani ya nyumba ya kupanga, juu ya duka la bidhaa za ngozi, katika namba 304 ya Holloway Road, kaskazini mwa London. Wapigaji waligawanywa vyumbani, nyaya zikapita ngazini na milangoni, na bafu likatumika kuleta mwangwi. Kazi ikikamilika, Meek aliipeleka kwa kampuni kubwa ili ichapwe na kusambazwa. Utaratibu huo wa mtayarishaji anayejitegemea ulikuwa bado mgeni nchini Uingereza, kwa kuwa kampuni kubwa zilizoea kuwa na studio na mafundi wake zenyewe.

Habari za setilaiti zilimpa Meek lahani. Kwa kuwa hakuweza kuiandika, aliiimba kwa kinywa chake kwenye utepe, juu ya muziki wa wimbo mwingine uliokwisha kurekodiwa. Utepe huo ndio uliokuwa "maandishi" ya kwanza ya "Telstar". Jambo hili ni la kuzingatia. Lahani iliyokuja kujadiliwa na mahakama kama mfuatano wa noti ilizaliwa kinywani, kama zinavyozaliwa nyimbo nyingi za watu wasioandika muziki.

Wapigaji waliopewa kazi ya kuugeuza mvumo huo kuwa muziki walikuwa The Tornados: Alan Caddy kwenye gita la kuongoza, George Bellamy kwenye gita la mdundo, Heinz Burt kwenye besi, Roger LaVern kwenye kinanda na Clem Cattini kwenye ngoma. Majira hayo ya kiangazi kundi lilikuwa likimsindikiza mwimbaji Billy Fury katika mji wa pwani wa Great Yarmouth, hivyo kurekodi kulifanyika kwa haraka katika nafasi finyu kati ya maonyesho. Baada ya kundi kuondoka, Geoff Goddard, mtunzi aliyeshirikiana na Meek kwa karibu, aliongeza sauti ya klaviolini, kinanda kidogo cha umeme chenye sauti nyembamba inayotetemeka. Sauti hiyo ndiyo inayobeba lahani kuu. Gita la Caddy hushika sehemu ya kati, na mwishoni inasikika sauti ya binadamu ikiifuata lahani bila kutamka neno. Meek mwenyewe alitia mvumo wa mitambo mwanzoni na mwishoni, ili msikilizaji ajione amesimama karibu na chombo kinachoruka.

Kwa hiyo santuri hii moja ina tabaka nne za kazi: lahani iliyoimbwa na Meek, mpangilio na upigaji wa wanamuziki watano, klaviolini ya Goddard, na ufundi wa sauti wa Meek tena. Kwenye lebo ya santuri mtunzi alikuwa mmoja tu.

Mapokezi

Kampuni ya Decca iliitoa santuri hiyo nchini Uingereza mwezi Agosti 1962, mwezi mmoja na siku chache tu baada ya setilaiti kurushwa. Mwanzoni mwa Oktoba ilifika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza, ikakaa hapo kwa wiki tano. Tarehe 22 Desemba 1962 ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani na kuishikilia kwa wiki tatu. The Tornados wakawa kundi la kwanza la Uingereza kufika kileleni mwa chati ya Marekani, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya The Beatles kufanya hivyo mwaka 1964. Mauzo yake duniani yanakadiriwa kuwa nakala zipatazo milioni 5.

Mapokezi hayo yanaonyesha jambo moja kuhusu muziki usio na maneno: wapokeaji hawakuuacha bila maneno kwa muda mrefu. Katika mwaka huohuo lahani ileile ilitolewa ikiwa na maneno ya Kiingereza kwa jina la "Magic Star", na nchini Ufaransa kundi la Les Compagnons de la Chanson liliimba kwa maneno ya Kifaransa. Setilaiti ikawa nyota ya wapendanao. Nafasi iliyoachwa wazi na mtunzi ilijazwa na kila jamii kwa haja yake.

Tanganyika ilikuwa na haja zake vilevile. Nchi ilipata kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, wiki mbili kabla ya "Telstar" kufika kileleni nchini Marekani. Siku iliyofuata, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza rumba, chachacha, twisti na roki, lakini wengi wao hawajapata hata kuzisikia ngoma za kwao kama gombesugu na mangala. Hotuba hiyo mara nyingi husomwa kama kauli dhidi ya muziki wa kigeni. Ikisomwa kando ya historia ya "Telstar", inaonekana kuwa pia swali la njia. Sauti iliyorekodiwa katika vyumba vya kupanga vya London ilikuwa na kampuni, santuri na redio za kuifikisha mabara mengine. Nanga ya Karagwe, ambayo wasafiri Speke na Grant waliikuta katika nchi ya Omukama Rumanyika karne moja kabla ya hapo, haikuwa na njia ya namna hiyo hata ya kufikia Dar es Salaam.

Mgogoro wa umiliki

Furaha ya Meek haikudumu. Mtunzi wa Kifaransa Jean Ledrut alidai kwamba lahani ya "Telstar" ilichukuliwa kutoka katika "La Marche d'Austerlitz", sehemu ya muziki alioutunga kwa ajili ya filamu ya Austerlitz ya Abel Gance ya mwaka 1960. Shauri lilifunguliwa nchini Ufaransa, na kwa muda wote lilipokuwa likiendelea malipo ya mirabaha ya utunzi yalizuiwa. Upande wa Meek ulikuwa na hoja nzito: filamu hiyo ilikuwa haijaonyeshwa nchini Uingereza wakati "Telstar" ilipotungwa, ilionyeshwa huko mwaka 1965. Hata hivyo, hoja ya aina hiyo ilihitaji muda kusikilizwa, na muda ndio ulioigharimu studio ya Holloway Road.

Katika miaka hiyo ladha ya soko iligeuka. Makundi ya waimbaji yaliyofuata nyayo za The Beatles yaliufifisha muziki wa ala tupu. Meek alipata ushindi mwingine mkubwa mwaka 1964 kwa "Have I the Right?" ya The Honeycombs, lakini madeni na mashaka yalizidi kumwelemea, na afya yake ya akili ikadhoofika. Tarehe 3 Februari 1967 alimpiga risasi mama mwenye nyumba wake, kisha akajiua. Wiki zipatazo tatu baadaye uamuzi ulitoka: "Telstar" ilikuwa yake. Mirabaha ya santuri iliyouzwa kwa mamilioni haikumfikia akiwa hai.

Si sahihi kueleza vifo hivyo viwili kwa sababu moja ya shauri la mahakamani. Maisha ya Meek yalikuwa na mizigo mingine mingi, na mama aliyeuawa hakuwa na sehemu yoyote katika mgogoro huo. Kinachothibitika ni kidogo zaidi na kinatosha: haki iliyochelewa kwa miaka kadhaa ilimkuta mwenyewe hayupo.

Kuna jambo la pili ambalo shauri hilo halikuligusa kabisa. Mahakama ilitakiwa kulinganisha lahani mbili. Haikuulizwa klaviolini ya Goddard ilikuwa na thamani gani, wala gita la Caddy, wala ngoma za Cattini, kwa kuwa katika sheria ya utunzi mambo hayo hayakuwa sehemu ya lahani. Mkataba wa Roma wa kulinda haki za wapigaji na watayarishaji wa santuri ulikuwa umepitishwa tarehe 26 Oktoba 1961, lakini ulianza kutumika mwaka 1964, wakati umaarufu wa "Telstar" ulikuwa umekwisha pita. Kwa hiyo, hata kama Meek angeshinda mapema, ushindi wake usingekuwa wa wote waliotoa sauti ile.

Funzo kwa Karagwe na Kyerwa

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini wapigaji na wasikilizaji wa pande zote mbili wanaunganishwa na lugha ya Kinyambo na mapokeo ya ufalme wa Karagwe. M. M. Mulokozi, katika uchunguzi wake wa tendi za nanga za Wahaya, ameonyesha kwamba utendi hutungwa upya wakati wa kutambwa: mtambaji hakariri andiko, bali hujenga kwa kutumia mbinu alizorithi. Katika hali hiyo lahani si ya mtu mmoja kabisa, wala si ya jamii nzima bila kubagua. Ina sehemu iliyorithiwa na sehemu iliyoongezwa na mkono wa mpigaji fulani, siku fulani.

Sheria ya Tanzania inazo nafasi kwa sehemu zote mbili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi, inamlinda mpigaji kwa njia ya hakishiriki, na inatambua pia sanaa za jadi za jamii. Kwa maandishi, basi, mpigaji wa nanga wa Kyerwa yuko katika nafasi nzuri kuliko alivyokuwa Clem Cattini mwaka 1962. Ugumu uko katika ushahidi. Sheria haiwezi kumlinda mpigaji ambaye jina lake halikuandikwa popote, na kanda iliyopewa jina la "ngoma ya asili ya Kagera" haisemi nani alipiga, alifunga nyuzi zake kwa mpangilio gani, wala alijifunza kwa nani.

Kwamba muziki wa mkoa huu unaweza kusafiri mbali ni jambo lililokwisha thibitika. Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Bukoba, alijulikana nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa "Maria Salome", ingawa wengi waliocheza wimbo huo hawakujua Kihaya. Kwao sauti yake ilifanya kazi ya ala: walishika lahani, wakaacha maana. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, pamoja na Rayvanny, walitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya ule wa kwanza kwa maneno mengine. Hapa asili ilijulikana kwa sababu ya kawaida kabisa: jina Salome lilibaki, na sauti ya mwimbaji wa kwanza ilikuwa imehifadhiwa katika kumbukumbu za wasikilizaji na katika kanda. Jina na kanda vilifanya kazi ya mashahidi.

Mpigaji wa nanga asiye na kanda hana hata hivyo. Ikiwa lahani yake itachukuliwa na studio ya mjini leo, hatakuwa na nafasi ya Saida Karoli ya kutambuliwa, wala ya Joe Meek ya kushtakiwa na kushinda. Ledrut alikuwa na noti na filamu. Meek alikuwa na utepe na lebo. Pande zote mbili za shauri lile zilikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Hitimisho

Historia ya "Telstar" imekuwa ikisimuliwa zaidi kama habari ya setilaiti, ya chati na ya kifo cha mtayarishaji wake. Makala haya yameisoma kama historia ya ushahidi. Lahani iliyozaliwa kinywani ilipata umbo kwa mikono ya watu wengi, ikavuka mipaka kwa kuwa haikufungwa na lugha, ikavishwa maneno na wageni, na mwishowe ikapimwa na mahakama kwa kipimo kilichoona noti peke yake. Kila hatua ilipunguza idadi ya watu waliohesabiwa kuwa wenye lahani.

Kwa watafiti wa muziki wa Karagwe na Kyerwa, matokeo ya usomaji huu ni ya kiutendaji. Rekodi ya nanga, ya filimbi au ya ngoma haijakamilika kwa kuandikwa jina la kabila na wilaya. Inahitaji jina la mpigaji kwa ridhaa yake, mahali na tarehe, mpangilio wa nyuzi, mwalimu aliyemfundisha, na maelezo yake mwenyewe kuhusu kipi alikirithi na kipi alikiongeza. Maelezo hayo ni mstari mmoja au miwili kwenye daftari, na siku ya mgogoro yanaweza kuwa ndiyo pekee yatakayomtetea mpigaji. Ni afadhali yaandikwe akiwa bado anaweza kuulizwa.